Wi-Fi kwenye kompyuta yako, hatua kwa hatua: mwongozo kwa wakazi wa Arusha na Moshi

Ukurasa ukigoma kufunguka, wengi wetu husema "Wi-Fi imekufa" na kubeba laptopu hadi kwa fundi mjini. Mara nyingi Wi-Fi haina tatizo lolote. Kilichoisha ni bando, au rauta imepoteza mnara, au saa ya kompyuta imerudi nyuma miaka kumi na hakuna aliyeitazama. Nauli na hela ya fundi zinaondoka kwa jambo ambalo ungelimaliza mwenyewe sebuleni.

Kabla ya hatua yoyote, shika hili: kuna njia mbili zinazofuatana. Ya kwanza inatoka kwenye kompyuta hadi kwenye rauta, au kwenye simu inayogawa mtandao. Hiyo ndiyo Wi-Fi, na inafanya kazi hata kama huna bando la shilingi moja. Ya pili inatoka kwenye rauta hadi kwa kampuni inayokuuzia intaneti, iwe kwa laini ya Vodacom, Airtel, Yas au Halotel, iwe kwa faiba. Njia ya kwanza ni mali yako. Unaweza kuipima, kuihamisha, kuifunga na kuitengeneza bila kumpigia mtu simu. Ya pili unaweza tu kuithibitisha kwamba imekatika, ili ukipiga huduma kwa wateja ujue unachokisema.

Kagua kompyuta kabla hujatoa hela

Laptopu nyingi kwenye maduka yetu ni mtumba kutoka nje: Dell Latitude, HP EliteBook, Lenovo ThinkPad. Ni mashine imara, na mimi humshauri mtu achukue hizo kuliko laptopu mpya ya bei ya chini kabisa. Ila kadi ya Wi-Fi iliyo ndani inaweza kuwa ya zamani sana, au imechomolewa, au waya zake za antena ziliachwa zikining'inia na mtu aliyeifungua kabla yako. Ukiwa bado dukani, fanya haya:

1. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika devmgmt.msc, kisha Enter. Fungua mstari wa "Network adapters" na utafute jina lenye Wireless, Wi-Fi au 802.11. Lisipokuwepo, tazama mstari wa "Other devices": ukiona "Network Controller" yenye alama ya njano, huenda kadi ipo ila inasubiri draiva, yaani programu ya kuiendesha. Pasipo na chochote, kadi haipo au imezimwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta inayoanza kabla ya Windows.

2. Fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, andika netsh wlan show drivers. Soma mstari wa "Radio types supported". Ukiona 802.11a au 802.11ac ndani yake, kadi inashika masafa yote mawili, GHz 2.4 na GHz 5. Ukiona b, g na n peke yake, inashika 2.4 tu. Kwa barua pepe, fomu za maombi ya chuo na mikutano ya video hiyo bado inatosha. Ax ndiyo Wi-Fi 6, na ukiipata kwenye mtumba umebahatika.

3. Washa hotspoti ya simu yako, unganisha laptopu, acha simu kaunta na usogee hadi mlangoni. Alama za mtandao zikibaki moja ukiwa mita mbili tu kutoka kwenye simu, antena za ndani hazijakaa sawa. Mwambie muuzaji azirekebishe kabla ya malipo.

Kadi mbovu hubadilishwa na si kazi kubwa, lakini mpe fundi namba kamili ya modeli ya laptopu. Baadhi ya HP na Lenovo za zamani zina orodha ya kadi zinazokubalika ndani ya BIOS, na ukiweka nyingine hazimalizi kuwaka.

Angalia pia swichi. Latitude nyingi za zamani zina kiswichi kidogo ubavuni kinachozima mawimbi yote, na kikigusana na begi kinazima bila wewe kujua. Kwenye mashine nyingine kazi hiyo inafanywa na kitufe chenye picha ya antena au ndege kwenye safu ya F1 hadi F12, wakati mwingine pamoja na Fn. Laptopu ikikwambia hakuna mtandao wowote karibu nawe, nawe uko katikati ya Kaloleni penye rauta kila nyumba, anza na swichi hiyo.

Desktopu nyingi hazina Wi-Fi kabisa. Suluhisho rahisi ni adapta ya USB. Nyingi za zile ndogo kama ukucha hushika GHz 2.4 tu; ukiweza, ongeza hela kidogo uchukue iliyoandikwa "dual band" na yenye antena inayoonekana. Usiichomeke nyuma ya kasha la chuma lililosukumwa ukutani chini ya meza. Tumia kebo fupi ya kurefusha USB uilete juu ya meza. Milango ya USB 3 yenyewe hutoa kelele inayovuruga masafa ya 2.4, kwa hiyo kuisogeza adapta hata nusu mita kunaleta tofauti unayoiona.

Draiva haipo, na intaneti ya kuipakua haipo

Hapa ndipo watu hukwama baada ya kuweka Windows upya. Njia ya kutoka iko mfukoni mwako. Chomeka simu ya Android kwenye kompyuta kwa waya wa USB unaopitisha data, nenda kwenye mipangilio ya hotspoti ya simu, washa "USB tethering". Kompyuta itaiona simu kama mtandao wa waya, bila kuhitaji Wi-Fi. Simu yenyewe ikiwa imeunganishwa na Wi-Fi ya nyumbani, kompyuta itapata intaneti kupitia hapo na bando lako la simu halitaguswa. Sasa fungua "Windows Update", kisha sehemu ya "Optional updates", au nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu na uandike namba ya modeli. Epuka zile programu zinazojitangaza kwamba zitatafuta draiva zote kwa mkupuo mmoja. Nyingi hukuachia matangazo na takataka usizoziomba.

Unganisha

Sehemu hii ni fupi. Bofya alama ya mtandao chini kulia, fungua orodha ya Wi-Fi, chagua jina la mtandao wako, andika nywila. Jina na nywila za kiwandani zimeandikwa kwenye karatasi iliyo chini ya rauta. Herufi kubwa na ndogo si sawa, na sifuri huchanganywa sana na herufi O. Windows ikikuuliza aina ya mtandao, chagua "Private" nyumbani, hasa kama mna printa mnayotumia pamoja. Mgahawani, hosteli au stendi chagua "Public" ili kompyuta yako isionekane kwa wengine.

Kwa anayetumia Linux, amri ni mbili: nmcli device wifi list kuona mitandao, na nmcli device wifi connect JINA --ask kuunganisha. Ikisema imezuiwa, jaribu rfkill unblock wifi.

Unapotumia hotspoti ya simu

Wengi wanaosoma hapa hawana rauta. Wanagawa bando la simu. Kwao kuna mambo mawili yanayouma.

La kwanza ni laptopu ya zamani kutoiona hotspoti kabisa. Simu mpya nyingi zinaweza kugawa kwa GHz 5, na kadi ya 2.4 hailioni hilo hata ukiziweka bega kwa bega. Kwenye Android ingia mipangilio ya hotspoti, badilisha masafa kuwa 2.4. Kwenye iPhone, kuanzia iPhone 12, washa "Maximize Compatibility".

La pili ni bando kuyeyuka. Windows ikiona Wi-Fi hudhani iko kwenye intaneti isiyo na kikomo, kwa hiyo huanza kupakua masasisho, na sasisho kubwa la mfumo ni gigabaiti kadhaa. OneDrive nayo inapandisha picha zako. Unajikuta umenunua bando la wiki asubuhi na jioni umeishiwa, bila kutazama video hata moja. Dawa ni kuiambia kompyuta kwamba mtandao huu unapimwa:

Nenda "Settings", kisha "Network & internet", kisha "Wi-Fi", fungua sifa za mtandao uliounganishwa, washa "Metered connection". Kuanzia hapo Windows itaahirisha sehemu kubwa ya masasisho, na OneDrive itasimama.

Mpangilio huu unakaa kwa jina la mtandao mmoja mmoja. Ukibadilisha jina la hotspoti, kwa Windows huo ni mtandao mpya usio na kikomo na ulaji unaanza tena. Kwa hiyo chagua jina moja la hotspoti ubaki nalo. Kuona nani anakula, tafuta "Data usage" ndani ya mipangilio ya mtandao: kila programu imeorodheshwa na kiasi ilichotumia. Na usiahirishe masasisho milele, kwa sababu ndiyo yanayoziba mianya ya wezi. Yapakue siku ukiwa kwenye mtandao wa chuo, wa kazini, au kwa ndugu mwenye faiba.

Rauta ikae wapi

Watu hutoa hela nyingi kununua rauta nzuri kisha wanaificha nyuma ya televisheni, ndani ya kabati la vyombo. Mawimbi ya Wi-Fi hayapendi chuma, maji na ukuta mzito. Ukuta wa tofali za bloku unayapunguza, nondo na zege zinayapunguza zaidi, na bati huyarudisha yalikotoka. Kama chumba cha uani kimeezuliwa na kuzungushiwa bati, usitegemee mtandao upenye vizuri humo hata kama ni hatua kumi tu kutoka sebuleni. Iweke rauta juu, mahali wazi, katikati ya nyumba, mbali na friji na maikrowevu. Maikrowevu ikiwa kazini hutoa kelele kwenye masafa ya 2.4, ndiyo maana simu ya video hukatika mtu akipasha chakula.

Rauta ya laini ya simu ina mvutano wake: inataka kuuona mnara na inataka kuwa karibu nawe. Ianze dirishani. Ingia kwenye ukurasa wa rauta (anwani zake ziko chini, sehemu ya "Ifunge") na utafute namba iitwayo RSRP, kipimo cha nguvu ya mawimbi ya mnara, ambayo huandikwa kwa alama ya kutoa. Karibu na -85 ni nzuri, ikifika -110 ni mbaya. Jaribu dirisha moja baada ya jingine ukisoma namba hiyo. Huku kwetu mlima una usemi mkubwa: nyumba iliyo kwenye bonde upande wa Ilboru inaweza kukosa mnara ambao jirani aliye juu kidogo anaupata wote, na dirisha linalotazama mjini hushinda linalotazama Meru.

Kuhusu masafa: GHz 5 ina kasi lakini haifiki mbali na huchoka ukutani, GHz 2.4 inafika mbali lakini imejaa majirani. Ukiwa chumba kimoja na rauta tumia 5, nje ya hapo tumia 2.4. Kwenye nyumba za kupanga zilizobanana, kama Majengo ya Moshi au Unga Limited, ingia mipangilio ya rauta na uchague chaneli 1, 6 au 11 kwenye 2.4. Hizo tatu haziingiliani. Programu ya simu ya kupima Wi-Fi itakuonyesha ipi haina watu wengi.

Sasa kihamba, yaani shamba linalozunguka nyumba. Ukipanda Kibosho, Machame au Marangu, boma moja lina nyumba ya wazazi, nyumba ya kijana, pengine na banda la wageni, na katikati kuna migomba na kahawa. Mtu anaweka rauta kwa wazazi akitarajia ifike kwa kijana mita arobaini mbele. Haifiki, na mvua ikinyesha inakuwa mbaya zaidi. Mgomba umejaa maji kuanzia shina hadi jani, na maji hunyonya mawimbi haya. Kununua rauta yenye antena nane hakutasaidia, wala kile kirudishia mawimbi cha kuchomeka ukutani, maana nacho kitarudisha mawimbi dhaifu kilichoyapokea. Fanya hivi:

1. Nunua kebo ya mtandao ya Cat6 ya nje, yenye shaba halisi, na bomba la plastiki la kuipitishia. Kikomo cha kebo moja ni mita 100, inatosha kihamba kingi.

2. Ifukie ndani ya bomba pembezoni mwa njia, mahali jembe halipiti.

3. Nyumba ya pili weka rauta yoyote ya zamani kama kituo cha pili. Kabla ya kuiunganisha, ingia ndani yake, ibadilishe anwani iwe tofauti na ya rauta kuu, kwa mfano 192.168.1.2, na uzime DHCP, huduma inayogawa anwani kwa vifaa. Kisha chomeka kebo kwenye tundu la LAN, si la WAN, pande zote mbili.

4. Ipe jina na nywila zilezile za rauta kuu. Ukitembea kutoka nyumba moja hadi nyingine, kompyuta itahama yenyewe.

Ni kazi ya siku moja kwa watu wawili, na nimeona ikimaliza malalamiko ya boma zima.

Ifunge

Laini iliyo ndani ya rauta imesajiliwa kwa alama zako za vidole na namba yako ya NIDA. Jirani akitumia mtandao wako kufanya kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, wa kwanza kuulizwa ni wewe. Kwa hiyo, ukiwa umeunganishwa, fungua kivinjari na uandike anwani ya rauta: 192.168.1.1, 192.168.0.1, au 192.168.8.1 kwa rauta nyingi za Huawei za laini. Humo badilisha nywila mbili, ya Wi-Fi na ya kuingilia kwenye rauta yenyewe. Ya pili ndiyo husahaulika, na nyingi bado ni "admin". Aina ya ulinzi iwe WPA2 au WPA3. WEP ilivunjwa tangu 2001, usiitumie hata kwa dakika. Zima WPS, ile njia ya kuunganisha kwa kubonyeza kitufe au kwa namba fupi. Nywila iwe ndefu, maneno manne yasiyohusiana, isiwe namba yako ya simu. Wageni na wapangaji wape "Guest network" kama rauta inayo, ili wasione kompyuta na printa yako.

Njia ipi imekatika?

Fungua Command Prompt na ufuate mpangilio huu bila kuruka.

Andika netsh wlan show interfaces. "State" iseme connected, na "Signal" iwe juu ya asilimia 50. Windows 11 za karibuni zinaweza kukutaka uwashe "Location" kwanza. Ikiwa haijaunganishwa, tatizo ni la Wi-Fi: sahau mtandao huo kwa "Forget", kisha uunganishe upya.

Andika ipconfig. Anwani ikianza na 169.254, kompyuta imefika kwenye rauta lakini haikupewa anwani. Zima rauta sekunde thelathini, iwashe. Anwani ikiwa ya kawaida, soma "Default Gateway", kisha uandike ping, amri inayouliza kama kifaa kinajibu, na anwani hiyo. Ikijibu, njia ya kwanza ni nzima.

Andika ping 8.8.8.8. Ikinyamaza, njia ya pili ndiyo imekatika: salio la bando, taa ya rauta, mnara. Kompyuta iache. Ikijibu, jaribu ping wikipedia.org. Namba ikijibu na jina likakataa, tatizo ni DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba; weka 1.1.1.1 au 8.8.8.8 kwenye mipangilio ya mtandao huo.

Kuna hali ambayo vipimo vyote hivi hufaulu na bado kurasa hazifunguki. Chukua desktopu ya steshenari, mtumba, imezimwa wikiendi nzima. Jumatatu mteja anataka kutuma maombi ya mkopo, kila tovuti inaandika "Your connection is not private". Alama za Wi-Fi zimejaa, ping inajibu. Tazama pembeni chini: tarehe inasomeka Januari 2012. Betri ndogo ya ubao mkuu, CR2032, imekufa, saa imerudi nyuma, na kivinjari kinakataa vyeti vya usalama vya tovuti kwa sababu kwa saa hiyo bado havijaanza kutumika. Rekebisha tarehe, kurasa zitafunguka palepale. Kisha nunua betri. Ni ile ya mviringo inayouzwa hata kwa mafundi saa.

Wi-Fi inayokatika kila baada ya dakika chache kwenye laptopu moja tu, huku simu zikiendelea vizuri, mara nyingi ni kuokoa umeme. Rudi devmgmt.msc, fungua sifa za kadi, "Power Management", ondoa tiki kwenye "Allow the computer to turn off this device to save power". Ukishindwa kabisa, "Network reset" ipo mwishoni mwa mipangilio ya mtandao. Itafuta nywila zote, ziandike kwanza.

Umeme ukikatika

Laptopu ina betri, rauta haina. Rauta nyingi za nyumbani hutumia volti 12 za DC, hivyo kuna UPS ndogo za DC, yaani betri za akiba, zinazokaa kati ya adapta na rauta na kuishikilia kwa saa kadhaa. Soma nyuma ya adapta yako kabla ya kununua: volti lazima zilingane, ampea za UPS ziwe sawa au zaidi, na alama ya chanya na hasi kwenye pini ifanane. Umeme unaporudi huja na msukumo, kwa hiyo chomeka vyote kwenye kilinda umeme. Minara nayo hutegemea umeme wake. Kama rauta inawaka na RSRP imetoweka, huo ni mnara, na hakuna la kufanya sebuleni.

Siku ya kuuza laptopu au kuhama

Laptopu hubeba nywila za kila Wi-Fi uliyowahi kuunganisha, na aliyenayo anaweza kuzisoma kwa amri moja. Kabla ya kumkabidhi mnunuzi, andika netsh wlan delete profile name=* na uthibitishe kwa netsh wlan show profiles kwamba orodha ni tupu. Rauta unayomwachia mpangaji mpya, toa laini yako, kisha bonyeza kitundu cha "Reset" kwa pini kwa sekunde kumi hadi taa zote zizime na kuwaka upya.